Jike Amepandwa Lakini Hakushika: Safari ya Mbegu Ndani ya Kizazi cha Nguruwe

Kaunti ya Kajiado inajulikana kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Hata hivyo, nyuma ya nyumba nyingi za Kitengela, Ongata Rongai, Kiserian na Ngong kuna banda dogo la nguruwe: majike wawili au watatu, na watoto wanaonenepeshwa kwa ajili ya soko la Nairobi. Mfugaji wa kiwango hicho kwa kawaida hana dume lake mwenyewe. Hukodi la jirani kwa pesa, au kwa ahadi ya kitoto kimoja cha nguruwe wakizaliwa. Dume huja, hupanda, huondoka. Baada ya siku 21 jike anaanza tena kupiga kelele na kukataa chakula, na lawama zote zinamwendea dume.

Mara nyingine dume ndiye mwenye tatizo. Lakini mara nyingi zaidi tatizo ni saa ambayo jike alipandwa, na jambo hilo mfugaji anaweza kulirekebisha bila kutumia hata shilingi moja.

Hasara yenyewe si ndogo. Jike asiye na mimba na asiyenyonyesha hula takriban kilo 2 hadi 2.5 za chakula kwa siku. Siku 21 za kungoja joto lingine ni kilo 42 hadi 52 za chakula kilichonunuliwa, na jike hana chochote tumboni. Kuna hasara nyingine isiyoonekana: jike anayeshika mimba lakini akazaa watoto wanne badala ya kumi. Mfugaji hushukuru kwamba amezaa, wala hajui kwamba wale sita walipotea siku ile ya kupandishwa.

Ili kuelewa kwa nini saa ina uzito namna hii, lazima tuifuate mbegu ya kiume tangu inapoingia hadi inapokutana na yai.

Mbegu nyingi, njia nyembamba

Dume la nguruwe halifanani na fahali. Fahali hutoa mililita chache tu za manii na humaliza kwa sekunde. Dume la nguruwe hutoa kati ya mililita 200 na 300, wakati mwingine zaidi, zenye makumi ya mabilioni ya mbegu, na kazi hiyo humchukua dakika tano au zaidi. Ncha ya uume wake imejisokota kama skrubu. Hujifunga kwenye mikunjo ya shingo ya kizazi cha jike, na manii humiminika moja kwa moja kuelekea ndani ya kizazi. Kwa sababu hiyo, dume akishapanda, aachwe amalize. Kuna wafugaji ambao humvuta dume baada ya dakika mbili wakidhani kazi imekwisha, au watoto wa mtaani wanamzunguka wakipiga kelele mpaka anashuka. Sehemu yenye mbegu nyingi zaidi hutoka mapema, ila majimaji yanayofuata nayo yana kazi, kama tutakavyoona.

Kizazi cha nguruwe kina pembe mbili ndefu, kila moja ikikaribia mita moja au kuizidi. Mbegu ya kiume haionekani kwa macho, na kwa kuogelea peke yake isingefika mwisho wa pembe hizo kwa wakati. Kizazi chenyewe ndicho kinachoisukuma. Misuli yake hujikunja na kujikunjua, na nguvu ya kufanya hivyo hutoka kwenye homoni ambazo jike hutoa anapohisi harufu ya dume, anaposikia sauti yake na anapoguswa mgongoni na ubavuni. Jike aliyechapwa fimbo, au aliyeburutwa kwa kamba hadi kwa dume, mwili wake hutoa homoni za woga, na hizo hupunguza mikunjo hiyo. Kumtuliza jike kwa hiyo ni sehemu ya kazi yenyewe.

Mbegu za kwanza hufika mwisho wa pembe kwa muda mfupi sana, hata chini ya saa moja. Nyingi hazifiki kamwe. Sehemu kubwa ya manii hurudi nyuma na kumwagika nje ndani ya saa chache za mwanzo. Mfugaji akiona maji meupe au vipande kama jeli sakafuni asifadhaike. Jeli hiyo hutoka kwenye tezi za dume mwenyewe na husaidia kuziba njia kwa muda. Kumwagika kiasi fulani ni kawaida.

Zile zinazobaki hukutana na askari. Mwili wa jike huziona mbegu kama wageni, na chembechembe nyeupe za damu huingia kwenye kizazi kwa wingi na kuzimeza, pamoja na bakteria walioingia wakati wa kupandwa. Mtu anaweza kuuliza kwa nini mwili upigane na kitu unachokihitaji. Ukweli ni kwamba usafi huo ni wa lazima, kwa maana siku chache baadaye kizazi hicho kitapokea mimba changa, na hakiwezi kuipokea kikiwa kichafu. Majimaji ya manii, yale yanayotoka pamoja na mbegu, husaidia kupunguza ukali wa mapambano hayo na kuutayarisha mwili wa jike kuivumilia mimba itakayokuwa nusu ya baba. Ndiyo maana tumesema dume aachwe amalize.

Chumba cha kungojea

Pale pembe ya kizazi inapokutana na mrija wa mayai kuna mlango mwembamba sana. Mlango huu ni kama mtihani. Mbegu dhaifu, zilizokufa au zenye mkia uliopinda hubaki upande wa kizazi. Kati ya mabilioni yaliyoingia, ni maelfu tu yanayopita.

Na zinapopita haziendi mbio kwenye yai. Kwa kawaida yai bado halijatoka. Mwanzoni mwa mrija, mbegu hushikamana kwa vichwa na ngozi laini ya ndani ya mrija, ambayo ina sukari maalum zinazozinasa. Hapo hutulia. Mbegu iliyoshikwa huishi muda mrefu kuliko iliyo huru, kwa kuwa mrija huipunguzia kasi na kuihifadhi nguvu. Wataalamu huliita eneo hili ghala la mbegu. Sisi tungeliita chumba cha kungojea, mfano wa abiria waliokata tikiti wakisubiri matatu ya Namanga ijae.

Mayai yanapokaribia kutoka, hali ya mrija hubadilika. Mbegu huanza kuachiliwa kidogo kidogo. Kila inayoachiliwa hubadilika: ngozi ya kichwa chake hulainika, mkia hupiga kwa nguvu zaidi, na sasa inaweza kutoboa ganda la yai. Kabla ya mabadiliko haya haiwezi kurutubisha yai lolote. Baada ya mabadiliko haya haiishi kwa muda mrefu.

Kwa nini ziachiliwe kidogo kidogo? Kwa sababu yai la nguruwe huharibika kwa urahisi likiingiliwa na mbegu mbili au tatu kwa pamoja. Yai la namna hiyo hufa. Kwa hiyo ile imani ya kwamba dume akipanda mara tano kwa siku moja watoto watakuwa wengi haina msingi. Mrija wa jike ndio unaopima ni mbegu ngapi zifike, na dume aliyechoshwa hutoa mbegu changa zisizopita mtihani wa mlangoni.

Saa 24 na saa 8

Mbegu ya kiume, ikishafika kwenye chumba cha kungojea, hukaa na uwezo wake kwa takriban saa 24. Yai likishatoka hubaki zima kwa saa chache tu, takriban 8. Mbegu zikifika mapema mno hufa kabla ya yai. Zikifika zimechelewa hukuta mayai yaliyozeeka, na hapo ndipo watoto wanne huzaliwa badala ya kumi.

Mayai hutoka lini? Jike aliyewahi kuzaa hukaa katika joto la kusimama kwa siku mbili hadi tatu, na mayai hutoka joto likiwa limepita takriban theluthi mbili, kwa kawaida saa 36 hadi 44 tangu aanze kusimama. Mtamba, yaani jike ambaye hajawahi kuzaa, joto lake ni fupi zaidi, siku moja hadi mbili, hivyo mayai yake hutoka mapema.

Tunasisitiza neno kusimama. Uke ukivimba na kuwa mwekundu, jike akipanda wenzake, akipiga kelele na kupunguza kula, hizo ni dalili kwamba joto linakuja. Huweza kutangulia kwa siku mbili au tatu. Wengi huita dume siku hiyo ya wekundu, na hapo mbegu hungoja yai hadi zife. Joto lenyewe ni pale unapombonyeza mgongo kwa mikono miwili, au kumkalia kwa upole, naye akasimama tuli kama amegandishwa, masikio yakiwa yamesimama. Kwa mifugo kama Large White masikio huonekana vizuri. Kwa Landrace, ambao masikio yao hulala mbele, tazama mgongo na miguu.

Mjaribu mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kabla ya chakula au nusu saa baada yake. Akiwa na njaa au akiwa anakula hatakujibu vizuri. Mchana wa jua kali pia si wakati mzuri. Kukiwa na dume karibu, hata ng'ambo ya ukuta, jike huonyesha joto waziwazi zaidi, kwa kuwa mate ya dume yana harufu inayomfanya asimame.

Tuseme jike wako aliyewahi kuzaa hakusimama Jumatatu asubuhi, lakini Jumatatu jioni amesimama. Joto lilianza wakati fulani mchana huo. Mayai yatatoka kati ya usiku wa Jumanne na asubuhi ya Jumatano. Apandwe Jumanne jioni, kisha Jumatano asubuhi ikiwa bado anasimama. Kwa mtamba, sogeza mapema kwa saa 12: Jumanne asubuhi na Jumanne jioni. Mara ya pili ni bima, kwa sababu hakuna anayejua saa kamili joto lilipoanza. Ikiwa hasimami tena, usimlazimishe. Mayai yakishatoka homoni hubadilika, kizazi hupunguza kujikunja na kujisafisha, na bakteria wanaoingia wakati huo huweza kubaki. Jike anayetoa usaha wiki mbili au tatu baada ya kupandwa mara nyingi alipandwa akiwa amechelewa, au katika banda chafu.

Jike aliyeachisha watoto kunyonya kwa kawaida huja joto siku ya nne hadi ya saba. Ukiachisha Alhamisi, basi anza kumjaribu kuanzia Jumapili. Usingoje kelele.

Jua la Januari, majibu ya Machi

Nguruwe hatoi jasho la kumsaidia kupoa. Kati ya Januari na Machi, kabla ya mvua ndefu, banda la mabati lililo chini chini huku Kitengela huwa kama jiko. Mbegu ya dume huchukua takriban wiki sita kutengenezwa na kukomaa. Dume aliyeungua kwa jua au aliyeugua homa leo ataonekana mzima wiki ijayo, atapanda kwa hamu, lakini mbegu zake zitakuwa dhaifu kwa wiki kadhaa baadaye. Mfugaji anayekodi dume na aulize, bila haya: dume huyu amekuwa mgonjwa mwezi huu na nusu uliopita? Amepanda mara ngapi wiki hii? Dume kijana hatakiwi kupanda zaidi ya mara moja au mbili kwa wiki.

Kwa mwenye dume, kivuli ni rahisi kuliko dawa. Inua paa, tandika nyasi juu ya mabati, acha upande mmoja wazi upepo upite. Maji tunayajua yalivyo ghali kwetu, wengi wetu tunanunua kwa mitungi. Hata hivyo, mtungi mmoja wa kumlowesha dume saa za mchana, mbali na maji yake ya kunywa, hugharimu kidogo ukilinganisha na joto la jike lililopotea.

Mbegu za chupa

Uhamilishaji, ule tunaouita A.I., humwezesha mfugaji kupata mbegu bora bila kuleta dume nyumbani. Dozi moja ya kawaida huwa na mililita 80 hadi 100 na mbegu bilioni mbili hadi tatu. Hiyo ni sehemu ndogo ya anachotoa dume, na bado hutosha, mradi saa iwe sahihi.

Hapa kuna tofauti kubwa na ng'ombe. Mbegu za fahali hugandishwa ndani ya naitrojeni na kukaa miaka. Mbegu za nguruwe haziustahimili ubaridi. Ngozi yake hupasuka kwa urahisi. Kwa hiyo huuzwa mbichi, zikiwa katika maji maalum, na huhifadhiwa katika nyuzi 15 hadi 18 za Selsiasi kwa siku chache tu. Usiziweke kwenye friji ya jikoni, ambayo ni baridi mno, wala usizibebe juu ya bodaboda zikipigwa na jua. Zibebwe kwenye kisanduku kisichopitisha joto, na tarehe yake isomwe kabla ya kulipa. Muulize mhudumu leseni yake ya KVB. Anayestahili hatachukia kuulizwa.

Wakati wa kazi yenyewe, mhudumu asiikamue chupa. Ambonyeze jike mgongo, amsugue ubavu, na kizazi kitaivuta dozi chenyewe ndani ya dakika chache. Kukamua husababisha nyingi kurudi nyuma.

Siku 30 za utulivu

Mayai yaliyorutubishwa hushuka kwenye kizazi baada ya siku mbili hivi na kuelea humo. Kati ya siku ya 11 na ya 12 vijusi hutoa ishara ya homoni inayomwambia mama kwamba ana mimba. Wakiwa wachache, chini ya wanne hivi, ishara huwa hafifu na jike hurudi joto kana kwamba hakupandwa. Baada ya hapo huanza kujishikiza kwenye ukuta wa kizazi. Katika mwezi huo wa kwanza usimsafirishe jike, usimchanganye na wageni watakaopigana naye, wala usimwache kwenye jua.

Akirudi joto siku ya 18 hadi 24, hakushika au mimba ilikuwa hafifu. Akirudi siku ya 25 hadi 35, huenda alishika akapoteza, na hapo daktari wa mifugo aitwe. Asiporudi, hesabu siku 114: aliyepandwa tarehe 1 Machi atazaa karibu na tarehe 23 Juni. Andika tarehe hizi ukutani kwa chaki kama huna daftari, pamoja na dume aliyetumika. Bila tarehe, hata ofisa wa mifugo atakayekuja atakuwa anakisia.

Dume la kukodi na homa ya nguruwe

Jambo moja halihusu idadi ya watoto bali banda zima. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921, na R. E. Montgomery, kutokana na vifo vya nguruwe hapa hapa Kenya. Ngiri hubeba virusi vyake bila kuugua, na papasi wanaoishi kwenye mashimo ya ngiri huvieneza. Mbuga ya Nairobi haina uzio upande wa kusini, na wanyama wake huvuka kuja nyanda za Kitengela; kwa hiyo ngiri ni jirani zetu. Nguruwe wanaofungwa bandani muda wote, mbali na ngiri, wako salama zaidi kuliko wanaozurura.

Virusi hivyo hupatikana pia katika manii, mate na damu ya dume aliyeambukizwa. Dume anayezunguka banda hadi banda anaweza kuvipeleka kote mtaani kwa wiki moja. Binadamu haambukizwi, lakini nguruwe walioambukizwa wengi hufa, na hapa kwetu hakuna chanjo. Kabla ya kukodi, uliza kama kuna vifo vya ghafla katika banda analotoka, mkague kama ana homa au madoa mekundu masikioni na tumboni, na umwoshe miguu kwa dawa ya kuua viini. Kumhamisha nguruwe kutoka eneo moja hadi lingine kunahitaji kibali cha ofisa wa mifugo wa serikali. Kibali hicho ndicho kinachoonyesha kwamba anakotoka hakuna karantini.

Nguruwe wawili au zaidi wakifa kwa ghafla katika banda lako au la jirani, usiuze nyama, usiwahamishe waliobaki, na usimpokee wala kumtoa dume. Toa taarifa siku hiyo hiyo kwa ofisi ya mifugo ya wadi yako au kwa daktari wa mifugo wa kaunti ndogo.